Chupa Ndani ya Zulia

Nyumbani kwetu mtu wa kwanza kunywa maji kila asubuhi ni bibi. Mimi huyachota chemchemini, huitua ndoo jikoni, naye huchovya kikombe chake cha bati, hunywa, hufumba macho kidogo, kisha husema, "Haya, mnaweza kuamka." Mama hucheka kila siku, utadhani hajawahi kuyasikia maneno hayo.

Asubuhi moja kikombe kiliishia puani. Bibi alikinusa, akanitazama.

"Mke mwenzangu, umetoka chemchemini au umetoka kituo cha mafuta?"

Nikainama juu ya ndoo. Maji yalikuwa na utando mwembamba wa rangi za upinde wa mvua. Ulipendeza, na hilo ndilo lililonitisha. Dada yangu, aliyekuwa ameshainjika sufuria ya kuchemshia maji ya mtoto wake, akazima jiko. Alikuwa amekuja kujifungulia kwetu, na nyumba nzima ilikuwa imemzoea yule mtoto kupita kiasi.

"Kama maji ndiyo haya," akasema baadaye, "mimi nitarudi kwa wakwe zangu. Sina la kufanya."

Bibi akainuka. Alijaza chupa maji yale, akaikaza kizibo, akaiweka kabatini kando ya vikombe vya wageni. "Hii ni ya kumkaribishia mhusika."

Mhusika alijulikana. Juu ya chemchemi, kwenye mteremko, kulikuwa na kijana aliyeosha magari, ambaye mtaa mzima ulimwita Povu. Malori ya kampuni moja ya usafirishaji yalikuwa yameanza kuoshwa kwake. Injini za malori hayo zilikuwa na grisi nzito, kwa hiyo alizipulizia dizeli kwanza, akasugua, akamalizia kwa sabuni na maji ya pampu. Vyote hivyo vilishuka kwetu. Wenye malori walikaa huko juu na mabomba yao ya ndani. Sisi wa bondeni bomba letu lilikuwa ile chemchemi.

Shida ni kwamba Povu alikuwa mtu mwema mno.

Tulikutana kwa fundi cherehani, mama mmoja mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, tukakaa katikati ya vitambaa na sare za shule ambazo hazijawekwa vifungo. Mjomba akajitolea kwenda kusema naye. "Leo nampa vidonge vyake," akasema, akawasha pikipiki.

Alirudi na pikipiki inayong'aa hadi ungeweza kujitazamia chunusi.

"Umemwambia?" fundi akauliza.

"Nilianza. Lakini kijana ana adabu yule! Kanipa kiti, kanijazia upepo magurudumu yote mawili. Ningeanzia wapi?"

"Wanaume bwana! Niachieni mimi."

Fundi akapandisha mteremko kwa hasira. Alishuka peku, viatu mkononi, vimesafishwa mpaka soli.

"Msinicheke," akasema. "Mtu kapiga magoti mbele yangu ananisugulia viatu, 'Shangazi, tope hili litakuharibia ngozi.' Hebu niambieni, utamtukanaje mtu aliyepiga magoti?"

Basi ikawa hivyo. Kila aliyekwenda kumgombeza alirudi na kitu kimeoshwa, na tulivyozidi kulalamika ndivyo povu lilivyozidi kushuka chemchemini.

Mwishowe wote wakanigeukia mimi.

"Wewe umesoma," mjomba akasema.

Ni kweli nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu. Lakini nilikuwa nafundisha chekechea, na watu ninaoweza kuzungumza nao bila kutetemeka ni wale wanaonifika kiunoni. Povu alikuwa mrefu. Tena alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu huku ameinamisha kichwa upande, jambo ambalo nilikuwa nimeligundua muda mrefu kabla ya habari za dizeli, na sikumwambia mtu.

Nilikwenda.

"Karibu, dada. Tukusaidie nini?"

"Napita tu."

Akatazama mbele yangu. Pale njia inaishia. Mbele ni ukuta wa mawe. "Haya," akasema kwa upole, "pita salama." Nikaugusa ule ukuta kidogo, kwa kuwa nilishasema napita, kisha nikageuka kurudi nyumbani.

Safari ya pili nilichukua chupa ya bibi. Nikaikunja ndani ya zulia la sebuleni, nikajitwika. Zulia lenyewe mama alikuwa amelifua juzi yake tu, likapigwa fimbo, likaanikwa. Bibi aliniona natoka nalo, akanyanyua nyusi, akaendelea kuchambua mchele.

Povu alilipokea kwa mikono miwili, akalikunjua juu ya kichanja. Chupa ikabingirika hadi miguuni pake. Akaiokota, akaiinua juani, na zile rangi zikacheza ndani yake.

"Dizeli ya nani hii?"

"Yako," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Ni maji yetu ya kunywa. Mtoto wa dada yangu anachemshiwa hayo. Dada anataka kuondoka naye."

Povu akaenda akafunga pampu.

"Mbona hamkuniambia?"

"Mjomba alikuja. Fundi alikuja."

"Walikuja kuoshewa!"

"Walikuja kukugombeza."

Akakaa juu ya tairi. "Na mimi nikadhani napendwa."

"Unapendwa," nikasema, kisha nikatamani ardhi inimeze. "Na majirani. Ila usioshee hapa."

"Nikiondoka hapa nitakula wapi?"

"Sijui. Njoo kwa fundi jioni, tufikiri wote."

Alikuja. Fundi akampisha kiti chake mwenyewe cha cherehani. Tulizungumza mpaka mjomba akakumbuka uwanja wa zamani wa kufyatulia matofali, chini ya chemchemi, tambarare, hauna mwenye haja nao. Maji machafu ya kule yasingetufikia tena. Ila chini zaidi kulikuwa na mashamba ya watu wengine, na Povu mwenyewe ndiye aliyesema, "Sitaki nikahamie tu kwenye ndoo ya mwingine." Kwa hiyo tukaamua kuchimba shimo la mchanga na kokoto la kuchujia maji, na mbele yake tutege pipa ambamo mafuta yangeelea juu, yeye ayaengue ayapeleke gereji.

Siku ya kuchimba walikuja wote aliowahi kuwaoshea kitu. "Nimekuja kulipia pikipiki," mjomba akasema, akadaka sururu. Fundi alishona turubai la kivuli. Wengine walijengea chemchemi ukingo wa mawe, na watoto wangu wa chekechea wakapanda majani kuizunguka, mengine mizizi juu.

Tukiwa hapo chemchemini, msimamizi wa malori akafika, akashusha kioo.

"Nani kasema magari yangu yashuke huku bondeni? Kwa ajili ya kidimbwi cha watu wachache?"

Bibi alikwishatuma ile chupa, niliyoirudisha kabatini, iletwe pamoja na vyombo. Akaimimina katika kikombe cha wageni, akakiweka juu ya kisahani, akamsogezea dirishani kwa heshima zote.

"Karibu, baba. Yametoka kwenu."

Yule bwana alikitazama kikombe, akamtazama bibi, akatutazama sisi tulioegemea majembe. Akapandisha kioo. Lakini aliposhika barabara alikata kona kuelekea chini, kwenye uwanja wetu, na kesho yake likaja lori limejaa kokoto, likazimwaga pembeni ya shimo, likaondoka bila kuaga.

"Angalau lina aibu," fundi akasema.

Maji yalichukua muda kujisafisha. Dada alikuwa amefunga mizigo, na kila asubuhi bibi alinusa, akatikisa kichwa, akamwomba asubiri kesho. Kisha ikafika asubuhi moja kikombe hakikusimama puani. Bibi alikunywa chote, akafumba macho.

"Haya. Mnaweza kuamka."

Mama alicheka. Dada akainjika sufuria, kisha akaenda kufungua begi lake.

Tulikuwa bado jikoni Povu alipobisha hodi, zulia begani. Katika purukushani za kuhama lilikuwa limebaki kwake siku zote zile.

"Samahani kwa kuchelewesha," akaniambia. Nikampa maji, akanywa, kichwa kimeinama upande. "Ila kuna kitu sikielewi. Nimelisugua mara mbili, maji yakatoka meupe vilevile. Lilichafukia wapi?"

Bibi alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Nadhani ilimgharimu.

"Halikuwa chafu," nikasema. "Nilitaka sababu ya kuja."

"Sababu si ulikuwa nayo? Ile chupa."

Nikaishika ndoo kwa mikono miwili.

"Chupa ilikuwa sababu ya majirani," nikasema. "Zulia lilikuwa sababu yangu mimi."