Kidoti cha Kijani cha Betri

Mimi sitaki kuonewa huruma, na niliwaambia hivyo siku ile ile niliyorudi kazini. Anayetaka kulia akalie chooni. Hiki ni chumba cha kuangalia mtandao wa simu, ukuta mzima ni skrini, mnara ukizimika popote kengele inalia, na humu ndani inayoruhusiwa kulia ni kengele tu. Wakacheka kwa woga, kila mtu akageukia kompyuta yake. Hakuna aliyekaa kwenye kiti cha kona karibu na dirisha. Koti la mume wangu lilikuwa bado liko pale.

Kazini walimwita Betri kwa sababu hachoki. Tulifanya kazi moja, chumba kimoja, zamu tofauti, ili mmoja wetu awe nyumbani na watoto. Kwa hiyo ndoa yetu, ukiniuliza, ilikuwa ya kupokezana. Mimi naingia, yeye anatoka. Ananiambia mnara gani unasumbua, namwambia mtoto yupi kaamka na mafua. Basi. Na katika dakika hizo chache alikuwa anajua kunichekesha, mwanaume yule, hata nikiwa nimenuna toka nyumbani.

Chumba chetu kina utaratibu wake. Anayemaliza zamu hajitoi kwenye mfumo mpaka anayeingia aseme kwa sauti, "Nimepokea." Kabla ya hapo mtandao uko mikononi mwako, uwe na homa, uwe na usingizi, shauri yako. Ukishapokelewa unagonga meza, unasema "Kazi njema," unakwenda zako. Baba watoto alikuwa akinichokoza makusudi.

"Sijasikia. Sema vizuri."

"Nimepokea, we mwanaume! Nenda ukalale!"

Hapo ndipo anagonga meza, anaondoka huku anacheka.

Siku ile aliitwa katikati ya zamu akasaidie kwenye mnara wa mbali. Aliacha kompyuta wazi. "Msinitoe, narudi sasa hivi," akawaambia wenzake. Gari lilipinduka njiani. Tukamzika, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia nimepokea.

Ofisi ya wafanyakazi ilifunga akaunti yake kama inavyotakiwa. Lakini kufunga akaunti kunamzuia mtu kuingia upya, hakumtoi aliyekwisha kuingia. Na mfumo wetu haumtoi mtu kwa sababu amekaa kimya, maana skrini za kengele hazitakiwi kujizima. Kwa hiyo kila nikifika, nikifungua ukurasa wa watu walio ndani, namkuta. Jina lake, na kidoti cha kijani pembeni. Najua, ni ujinga. Mimi ni mhandisi jamani, najua kidoti ni kidoti. Lakini nilikuwa nakiangalia, moyo unatulia, naanza kazi. Wenzangu walikuwa wanajua. Hakuna aliyethubutu kukigusa, na wangekigusa wangenijua mimi ni nani.

Kisha wakaja wakaguzi. Wakakuta mtu mmoja ameingia kwenye kompyuta tatu kwa paswedi ile ile, mwingine kajisahau ndani ya mfumo akaenda likizo. Wakasema mtu yeyote anaweza kukaa kwenye kiti kisicho na mwenyewe akazima minara ya watu. Wakaweka kikomo: kila mmoja aingie mara moja tu, na jumla ya walio ndani isipite idadi waliyoipanga. Kilichoniuma ni kwamba walikuwa sahihi.

Bosi alikuja mwenyewe mezani kwangu. Ni mtu mpole, hata kukohoa anaomba samahani.

"Mama, kuna nafasi moja inakaliwa na..."

"Naijua."

"Basi nakuachia wewe."

"Niachie."

Akaniachia, na mimi nikaiacha kama ilivyo.

Mchana mmoja wa mvua, mashine ya wachimba barabara ilikata waya mkubwa wa mtandao. Upande mzima wa ramani ukawa mwekundu, pamoja na hospitali ya huko. Simu ya redio ikaita. Alikuwa fundi wetu wa minara, yuko kwenye mnara wa karibu na hospitali hiyo; rafiki yake Betri tangu shuleni, ananiita shemeji hadi leo.

"Shem, njia mbadala nimeiona, lakini mfumo umenikatalia. Unasema kikomo kimefika!"

Niligeuka nikawapigia kelele chumbani: "Nani anaweza kutoka?" Wote walikuwa na kazi nusu mkononi, akitoka mmoja kazi yake inaharibika. Wakanitazama, kisha wakatazama chini. Hakuna aliyeangalia kona. Nikajitoa mimi.

"Ingia sasa!"

Akaingia. Nikapumua. Haikupita muda redio ikaita tena.

"Shem, nimeshaipanga njia, lakini inataka idhini ya kiongozi wa zamu."

Kiongozi wa zamu ni mimi. Na mimi nilikuwa nje.

Nikaandika paswedi yangu. Mfumo ukaniambia kikomo kimefika, ila kiongozi wa zamu anaweza kumtoa mtumiaji mmoja. Ukanipa majina. La kwake lilikuwa la mwisho, na kidoti chake.

Akitoka, harudi. Akaunti imefungwa.

"Shem, uko?"

"Subiri!"

"Hospitali hawawezi kuita gari la wagonjwa, shem. Muuguzi wao yuko hapa na mimi, amekuja kwa miguu, amelowa chapachapa. Ana mama mjamzito anatokwa damu."

Nilijua Betri angesema nini. Angesema, unangoja nini, mke wangu? Nikabofya jina lake.

Kikatokea kisanduku: ujumbe kwa anayetolewa. Huwa tunakiacha wazi, nani ana muda wa kuandika? Nikaandika. Machozi yalikuwa yanadondokea vitufe na sikujali nani ananiona. Nikabonyeza.

Nikaingia, nikatoa idhini. Minara ikaanza kuwa ya kijani, mmoja baada ya mwingine. Kwenye redio nikamsikia muuguzi anapiga simu, anapaza sauti, gari lije upesi. Shemeji akasema, "Asante, shem." Nadhani alielewa nimetumia nafasi ya nani.

Ndipo kompyuta ya kona ikatoa mlio mdogo.

Nikainuka nikaenda. Kwenye skrini yake palikuwa pameandikwa: "Umetolewa na kiongozi wa zamu. Ujumbe: Nimepokea, baba watoto. Nenda ukalale."

Maneno yakakaa kidogo, kisha yakafutika, ukabaki ukurasa wa kuingilia. Nikasimama pale, nimeshika koti lake, nikisubiri agonge meza.