Mistari kwenye Mkono wa Wembe

Mimi nina hasira za karibu, sikatai, na mtaa mzima unalijua hilo. Lakini siku ile mwalimu mkuu aliporuka kutoka kitini kichwa kikiwa kimenyolewa nusu, hata mtu mpole angepandwa na mori.

Mdogo wangu alikuwa ameinua mkono ili amchonge ukingo wa paji la uso. Mkono wa shati ukapanda, na mwalimu akaliona kwenye kioo lile baka la kiwikoni: limevimba, rangi ya zambarau, juu limefunikwa na magamba meupe. Magamba mawili matatu yakamdondokea begani.

"Hiki nini?" akauliza.

"Ngozi tu, mwalimu. Haiambukizi."

"Nani kakwambia haiambukizi?"

Hakuna aliyetuambia, kwa sababu hatukuwahi kuuliza. Mwalimu akalivua lile shuka la kunyolea, akavaa kofia yake, huyoo. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi nao wakakumbuka ghafla kwamba wana safari.

Wateja wanamwita mdogo wangu Wembe, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Akikuchonga ukingo, umechongwa. Nilimfundisha kazi akiwa na miaka kumi na sita, akanipita kabla mwaka haujaisha. Hana kazi nyingine anayoijua duniani, na wala hataki kuijua. Mkono wake wa kulia ndio shule yake, ndio shamba lake.

Sasa nieleze kosa langu, na sitalizungusha. Katika duka langu hakuna kinachosafishwa kwa siri. Kila mashine inafutwa kwa spiriti na kupitishwa motoni mbele ya macho ya mteja, la sivyo mteja hakai. Ndivyo tulivyojijengea jina. Kwa hiyo yale mabaka yalipomtokea Wembe mwaka jana, nikasema huu ni uchafu wa vichwa vya watu, na dawa ya uchafu tunayo. Kila asubuhi, mlango wazi, benchi limejaa, namkunja shati, nachukua brashi ngumu na spiriti, namsugua mikono mpaka magamba yote yatoke na damu ianze kutona. Halafu namwinua mkono juu kama mshindi wa ngumi. "Mmeona? Safi!" Watu wanaitikia kwa vichwa, wameridhika. Wembe anauma midomo, ananyoa.

Nikaenda mbali zaidi. Nilimpeleka kwa kijana mmoja muuza dawa, akamchoma sindano asiyoitaja jina. Mabaka yakakimbia! Nikajiona daktari. Baada ya wiki chache yakarudi, safari hii yamekuja na ukoo mzima.

Kulikuwa pia na kidole. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba chote, kuanzia shinani hadi kwenye kucha, na kila asubuhi kiligoma kukunjika kwa muda wa saa nzima. Alinilalamikia. Nikamwambia, "Kidole kimoja ndicho kinakutia uvivu?" Hakulalamika tena.

Basi mwalimu alipoondoka nikafoka. "Jumatatu uniletee cheti cha daktari kwamba haiambukizi. Huna cheti, kiti nampa mtu mwingine."

Wembe akaizima mashine, akaiweka mezani taratibu. "Sawa. Lakini twende wote, kaka. Uyasikie kwa masikio yako."

Mama alivyosikia, naye akajifunga kitenge, akasema haachwi.

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke mmoja mfupi, miwani imening'inia kifuani, sauti ya chini. Chumba chake kilikuwa kidogo mno kwetu sote, nikasimama mlangoni. Akaangalia viwiko, magoti, nyuma ya masikio. Akazitazama kucha kwa muda mrefu. Zilikuwa na vishimo vidogo vidogo, kana kwamba zimedungwa sindano.

"Hii inaitwa soriasisi," akasema. "Si fangasi, si uchafu, wala haiambukizi. Unaweza kumnyoa mtu, ukamshika mkono, ukalala naye kitanda kimoja, hapati kitu."

Nikashusha pumzi. Cheti tayari, nikafikiri, twendeni zetu.

"Inatoka wapi basi?" Wembe akauliza.

"Kinga ya mwili wako imechanganyikiwa. Walinzi wanaokulinda na vijidudu wanaishambulia ngozi yako mwenyewe. Ngozi ya kawaida huchukua karibu mwezi mmoja kujibadilisha. Yako inakimbizwa, inamaliza kwa siku chache, ndiyo maana magamba yanapandana. Mtu huzaliwa na uwezekano wake, kisha kitu kinauamsha: homa ya koo, msongo wa mawazo, pombe, dawa fulani, au kidonda. Kwenye ukoo kuna mwenye hali hii?"

"Hakuna," nikajibu mimi, upesi.

"Yupo," akasema mama. Hakututazama. "Baba yenu. Mnadhani alikuwa akivaa mikono mirefu kwenye jua lile kwa sababu ya umaridadi? Alinikataza nisiseme, akaenda nayo kaburini."

Mimi na mdogo wangu tukatazamana. Miaka yote ile, mzee anajificha ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Daktari akarudi kwenye mikono. Akavaa miwani, akaisogeza taa karibu. Akawa anapitisha kidole hewani, juu ya ngozi, kutoka kifundo cha mkono kwenda kiwikoni, mara moja, mara mbili, mara tatu. Ndiyo njia ya brashi yangu.

"Haya ya mikononi yamekaa kwa mistari," akasema. "Soriasisi ina tabia hiyo: ukiichubua ngozi, inaota palepale ilipochubuliwa. Nani anakusugua?"

Feni ilikuwa ikizunguka juu yetu. Ulimi wangu, huu usiojua kukaa, ukakaa.

"Najisugua mwenyewe," Wembe akasema.

Akanikinga! Mbele ya mama, mbele ya daktari, na mimi nimesimama pale na cheo changu cha ukaka, nikamwacha anikinge. Sijawahi kujidharau vile.

"Acha kabisa," daktari akasema. "Na hiki kidole?"

"Miezi saba sasa."

Uso wa daktari ukabadilika. Akakibonyeza, Wembe akaruka. "Soriasisi haiishii kwenye ngozi. Kwa wengine inaingia kwenye viungo. Nendeni mkapige picha ya eksirei sasa hivi, mrudi nayo."

Tulisubiri picha kwa saa mbili na ushei. Mama alikuwa akihesabu tasbihi. Wembe alikuwa akijaribu kukunja kidole, anakunja, anakunjua, anakunja.

Daktari akaibandika picha ukutani, kwenye taa. Hakuhitaji kueleza sana. Hata mimi niliona kiungo cha kati kimeliwa pembeni.

"Dawa zipo," akasema. "Hakuna ya kuifuta kabisa, lakini zipo za kuituliza, na wengi huishi nayo vizuri. Kwa ngozi kuna za kupaka, na mafuta ya kulainisha kila siku. Wengine tunawaweka kwenye mwanga maalumu hapa hospitali. Wewe, kwa sababu ya viungo, nitakupa kidonge cha kutuliza kinga. Ni mara moja kwa wiki, si kila siku, ukikosea hapo utajidhuru. Pombe hapana, na damu tutaipima mara kwa mara. Kikishindwa, zipo sindano za kisasa, ila ni ghali. Na zile sindano za vichochoroni ukome. Zinaizima kwa haraka, ukiziacha inarudi kwa kishindo."

"Na kidole?" Wembe akauliza.

"Ngozi itatulia. Viungo vingine tutavilinda. Lakini hiki, palipoliwa pameliwa. Ungekuja mwanzoni, tungekiwahi."

Ungekuja mwanzoni. Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Wembe akanifuata, akasimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akanipandishia sauti.

"Nilikwambia kinauma! Ukaniita mvivu. Miezi saba, kaka! Ulijua kunisugua mbele za watu, lakini hukujua kuniuliza hata siku moja, we mdogo wangu unaumwa?"

Akageuka akaenda kumshika mama mkono.

Miezi mitatu ikapita. Cheti alichotuandikia daktari nilikibandika karibu na kioo, na siku ile ile nikasimama mbele ya benchi lililojaa nikasema yote: ugonjwa haumpati mtu kwa kuguswa, mabaka ya mikononi nimeyaongeza mimi kwa brashi yangu, na kidole kimeharibika kwa sababu nilimziba mdomo. Wengine waliguna, wengine wakainamia simu zao. Hata mwalimu mkuu alirudi, akanyolewa na mimi.

Mabaka ya Wembe yalilala, yakabaki madoa tu. Kidole kikapungua uvimbe, lakini hakikunjiki tena. Mashine ilimponyoka mara mbili, mara ya pili ikapasuka. Akawa anakuja dukani, anafagia, anakunja taulo, anaondoka. Jina la Wembe likaanza kupotea midomoni mwa watu, na mimi naliona linapotea.

Jumamosi moja, duka limefurika, akaichukua mashine yangu kwa mkono wa kushoto. Akaiwasha. Ikamtetemekea mkononi. Kila aliyekuwa kwenye benchi akaangalia sakafu, asije akaitwa yeye.

Mimi nilikuwa nimemaliza mteja. Nikakung'uta shuka, nikajifunga mwenyewe shingoni, nikaketi kwenye kiti chake.

Alinitazama kwenye kioo, kisha akaisogeza mashine kichwani mwangu. Mstari wa kwanza ulikwenda upogo kabisa, nikaona mwalimu mkuu, pale kwenye benchi, anaziba mdomo kwa kofia. Wa pili ukaning'ata nyuma ya sikio, damu ikatoka. Nikakaza meno.

"Sijakusamehe," akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Najua."

"Inamisha kichwa."

Nikainamisha.