Mtoto wa Kipandio cha Tatu

Saa nne asubuhi bibi mmoja aliingia chumba cha dharura amembeba mjukuu wake mgongoni, msichana wa miaka tisa, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Tabibu wa zamu alimsimamisha, akamwambia apige hatua nne tu. Mtoto alipiga moja, akauma midomo.

"Basi, mwanangu, yatosha. Sasa nitabonyeza. Ukiumia piga kelele, hapa hatugombi."

Alianzia mbali na uvimbe, akashuka taratibu kwa kidole gumba. Alipogusa mfupa wa nje wa kifundo, pale mfupa wa mtoto unapoendelea kukua, mtoto alipiga yowe.

Picha ya eksirei ilitoka. Mifupa ilionekana mizima. Nyuma yake ilionekana ngazi ya shule, kipandio cha tatu kimeng'oka, kama kwenye picha za watoto kumi na mmoja walioanguka hapo kabla yake. Hapo alisimama mtoto atakayefuata: safari hii msichana mdogo wa nywele fupi, kamba za kiatu cha kushoto zikiburuta.

"Kwa hiyo hajavunjika?" bibi aliuliza.

"Mfupa wa mtoto ukiumia hapa, picha huweza kunyamaza. Naamini kidole changu. Tutamfunga plasta ngumu, asiukanyagie mguu huu wiki tatu."

"Na huyu wa kwenye ngazi?"

"Huyo bado, bibi."

Tabibu alimpigia simu mwalimu mkuu wa shule, akamweleza nywele na kamba za yule wa kwenye picha.

"Namfahamu, wa darasa la pili. Ahsante kwa taarifa. Tutamwambia awe mwangalifu, maana darasa lao liko juu."

"Mwalimu, mimi nasema habari ya ngazi."

"Ya ngazi tunayo. Barua zako zote zimo kwenye faili."

Tabibu alishukuru, akakata simu. Alifunga plasta, akamfundisha bibi kutazama vidole: vikipoa au vikibadilika rangi, arudi mbio. Bibi akambeba mjukuu wake, wakaenda.

Zamani, picha zilipoanza kuonyesha ngazi, tabibu alikuwa akitoka mbio mwenyewe mpaka shuleni. Kila mara alimkuta mtoto ameshakaa chini, ameshika mguu, analia. Siku hizi hakimbii. Alibadilisha shuka, akafungua faili jipya, akaandika: msichana, miaka saba, kifundo cha kushoto. Pa jina akapaacha wazi, akaketi kumngoja.