Mmoja Wenu Alegeze

Asubuhi, shirika la maji lilipofungua milango, karani mstaafu na mtunza stoo mstaafu walikuwa wameshakaa kwenye benchi la korido, huyu mwisho huku na yule mwisho kule. Hawakusemeshana. Zamani waligombania feni, mmoja akitaka iwashwe, mwingine akisema mafua yatamuua, na tangu hapo kila mmoja alikuwa na lake. Ila kabla ya ugomvi walikuwa wameandikishana kazini: likimpata huyu jambo, aarifiwe yule. Hakuna aliyewahi kubadilisha. Ndiyo maana hawakufutika.

Wengine walifutika vizuri tu. Shirika lile liliendeshwa na programu kongwe iliyoandikwa kwa Perl, lugha ya kompyuta ya zamani, na humo kitu huishi maadamu kipo kingine kinachokishika. Wa mwisho akiachia, kinafutwa na nafasi yake inarudishwa. Dereva alipostaafu, idara ilimwachia, ofisi ya mishahara ikamwachia, naye akayeyuka chai ikiwa nusu kikombe. Wenzake waliimalizia, maana ilikuwa ya maziwa.

Lakini hawa wawili walikuwa wameshikana wenyewe kwa wenyewe. Idara zote zilishawaachia, ila programu kila ikihesabu inakuta huyu bado kashikwa na yule, na yule kashikwa na huyu, basi inawapita. Wakaendelea kuja kazini, na sukari ikaendelea kwisha.

Meneja alimwita fundi wa programu.

"Mashine imekuwa nzito. Wale mabaki wa korido waondoke kabla ya Ijumaa."

"Na mkataba wangu, bosi?"

"Si upo ndani ya kazi hiyohiyo?"

Kweli, upo. Fundi alikuwa kibarua, na humo kwenye programu vibarua huandikwa ndani ya mabano ya kazi yao. Mabano yakifungwa, kila kilichozaliwa humo kinakwenda nayo. Miaka yote meneja alimfungulia mabano mapya kabla ya yale ya zamani kufungwa. Safari hii hakufungua, na hakuonekana kuwa na habari. Fundi aliingiwa na hofu. Binti yake alikuwa kwenye mitihani, na hakuwa na mama mwingine.

Hata hivyo kazi ni kazi. Alikwenda kwenye benchi.

"Shikamooni wazee wangu. Mmoja wenu inabidi alegeze. Aendelee kumkumbuka mwenzake, ila asihesabiwe kuwa amemshika."

"Mwambie huyo bwana aanze," alisema karani.

"Mwambie huyo bibi mimi sikumshika. Kaning'ang'ania yeye."

"Basi legeza wewe, baba, yaishe."

Mtunza stoo alitikisa kichwa.

"Nikilegeza ataona ameshinda."

"Afadhali asilegeze," alisema karani, akijifanya anatafuta miwani. "Atakwenda wapi mtu mwenyewe kama huyo?"

Ijumaa fundi aliandika ule mstari mmoja wa kulegeza. Alipokaribia kubonyeza kitufe, aliona herufi yake kupitia ukucha: na yeye alikuwa ameanza kufutika. Akaufuta mstari, akarudi korido.

"Mama, naomba na mimi unishike."

Karani alimpima kwa macho, juu mpaka chini.

"Na huyo bwana nimwache?"

"Nitamshika mimi. Yeye aendelee kukushika wewe."

"Mshike kwelikweli basi. Mzembe huyo, hata funguo za stoo alikuwa akizidondosha."

"Nasikia, bibi wewe!" alifoka mtunza stoo, moja kwa moja kwake, na benchi zima likachangamka.

Jioni mabano yalifungwa. Jina la fundi lilitoka mlangoni, nenosiri lake likakataa, na mlinzi waliyekuwa wakitaniana naye alimuuliza anamtafuta nani. Alikwenda nyumbani akampikia binti yake. Jumatatu alikuja akaketi katikati ya wale wawili. Mshahara haukuingia, kama usivyoingia wao.

Meneja alipita, akawahesabu kwa macho, akaguna. Mashine ilikuwa imezidi kuwa nzito. Aliajiri fundi mwingine, baba mtu mzima mwenye viatu vilivyong'arishwa, kibarua naye, kwa kazi ileile.

"Samahanini," alisema yule baba, akisimama mbele ya benchi. "Nimetumwa niwaondoe."

"Karibu," alisema fundi. "Mkataba wako unaisha lini?"

"Nikishawaondoa."

Walimtazama kwa huruma. Karani alisogea, mtunza stoo akasogea, yule baba akashukuru na kukaa, wakaanza kumweleza taratibu jinsi ya kushikana.

Siku iliyofuata meneja alimsainisha kibarua mwingine tena, akaagiza na benchi la pili.