Pembeni mwa Picha

...na kile kiduara cheupe nisikiguse bado, nikikigusa tu mambo yamekwisha, kidole kikae hapa kando kwanza, kama cha mtu anayesikilizia uji kama umepoa, na mikono nayo itulie, mikono hii jamani, iliyobeba mabeseni ya omena kutoka ufuoni mpaka nikazeeka, leo inashindwa na simu nyepesi kama kipande cha sabuni, na simu yenyewe imeshapasuka kioo kwenye kona kwa sababu tuliiweka juu ya mitungi ya maji ijipige yenyewe, upepo wa ziwa ukaja ukaisukuma, pu, chini, na hapo ndipo Elkanah, mwanangu mkubwa wa kiume, akasema, polepole, bila ubaya wowote kwenye sauti, "Basi Byron ashike simu, atupige sisi," ...sisi... nikaisikia hiyo sisi ikinizunguka sikioni kama nzi, nikamwangalia Byron, mjukuu wangu, mtoto wa Risper wangu aliye chini ya udongo, mtu mzima sasa, fundi wa injini za boti kule Mbita, kucha zake zina oili hata Jumapili, nikaona amenyoosha mkono kupokea simu, hakununa, hakushangaa, kama mtu aliyejua tangu asubuhi kwamba ataitwa kushika kitu, na mimi nikasikia mdomo wangu umesema, "Leteni hapa, nitapiga mimi," wote wakacheka, Emmaculate mke wa Elkanah, binti Nyangau kutoka Kisii, ambaye akija hapa sote tunaongea Kiswahili, akapiga makofi, "Mama, wewe? Utatukata vichwa!" na Stanley, mwanangu wa pili, huyo hawezi kukaa bila utani, "Acha akate, yangu haina kazi," lakini Byron hakucheka, Byron anajua naweza, yeye ndiye aliyenipa hii simu yake ya zamani akanifundisha, tumeketi kwenye ngazi ya jikoni, "Dani, bibi yangu, kusoma si lazima, wewe tafuta tu hii duara," na tangu hapo nimepiga kila kitu kisichokimbia, mbuzi akizaa, nyanya iliyoota pua, padre akipiga miayo, namtumia Mbita, naye ananijibu kwa sauti, "Dani, hii ni kali," ...lakini hii si picha ya mbuzi, hii Elkanah amesema mwenyewe itatolewa kubwa kama dirisha, moja itundikwe kwa nyumba yake mpya Awendo, moja hapa sebuleni chini ya picha ya marehemu baba yake, watoto wakikua wajue watu wa boma hili ni nani na nani, na aliye ukutani yupo, na asiye ukutani... Krismasi Byron aliomba kujenga kibanda pale kando ya lango kama vijana wa boma wanavyojenga, Elkanah akaangalia sahani yake, akasema, "Huyu ana baba. Aende kwa kina Mirumbe huko Kuria, wamwonyeshe mahali," na huyo Mirumbe tulimwona hapa mara moja tu, viatu vizuri, akala, akashukuru, akavuka mpaka akaingia Tanzania na hatujasikia hata salamu, ni baba gani huyo wa kutafutwa na mtu mzima, na tangu siku hiyo Byron akija hapa anapiga hodi... hodi, kwa nyumba aliyotambaa ndani yake, aliyokojolea mikeka yake yote, anasimama nje kama muuza sufuria, "Hodi, Dani," na kila akisema hivyo mimi naona kile kitanda cha hospitali Homa Bay, Risper midomo imekauka, hakuniomba nimpeleke mtoto shule, hakuniomba nguo, alinivuta leso akasema, "Mama, usimfundishe kubisha hodi," na mimi sikumfundisha, Risper, nakuapia sikumfundisha, amejifundisha mwenyewe kutoka kwa ile sahani ya mjomba wake...

"Dani, kivuli yako iko ndani, rudi nyuma kidogo," ni yeye anasema, kutoka pale mwisho wa mstari, hata akiwa anafukuzwa ananisaidia, na kweli, jua liko mgongoni mwangu na kivuli changu kimelala kwenye nyasi mpaka miguuni mwa ile sofa, sofa ya mtu mmoja waliyoitoa nje na vitambaa vyake, imeketi katikati yao peke yake kama mgeni wa heshima, hiyo ni yangu, Emmaculate ameifuta vumbi, ameweka kitambaa alichokifuma yeye mwenyewe, njano na maua, mtoto wa watu ana mikono mizuri, siwezi kusema uongo, Mama ataketi hapa katikati, na kulia Elkanah na mkewe na watoto wao, kushoto Stanley na watu wake, na Byron... huyu mtoto amefikaje kule, nilipoinua simu alikuwa nyuma ya sofa, nimeona kwa macho yangu, sasa yuko kando ya Stanley, hapana, nje ya Stanley, "Byron, songa kidogo, unafunika mtoto," anasema Emmaculate, na Byron anasonga, na tena, "Kidogo tu, baba, hapo sasa," na kwenye kioo bega lake moja limeshatoka, amebaki nusu, nageuza simu nimfuate, sofa inaenda upande, nairudisha sofa katikati, Byron anapotea, narudi nyuma hatua, wote wanakuwa wadogo kama maharagwe lakini yumo, yumo lakini pembeni, na pembeni... pembeni mimi napajua, ile picha ya harusi ya Stanley iko sebuleni mpaka leo, mke wake wa kwanza alipoondoka Elkanah aliibeba mpaka kwa Osman, yule wa studio kule mjini, mimi nilikuwepo, nilikuwa nimeenda kununua dawa ya macho, Osman akaangalia akasema, "Huyu amesimama pembeni, Mama, ni rahisi, nakata hapa. Angekuwa katikati singeweza, picha ingeharibika," akakata, haikuchukua hata muda wa kumaliza soda, lakini mkono wa yule mke ulikuwa begani mwa Stanley na mkono haukukatika, uko pale, vidole na pete, kila mgeni anauliza, "Na huu mkono ni wa nani?" na Stanley anajibu, "Ni wa Yesu, ananishika," watu wanakufa kwa kicheko, na mimi nikifagia hapo chini namwona yule msichana mzima, alikuwa anapika sukumawiki kwa maziwa, alikuwa ananiita Mama... kwa hiyo usiniambie mambo ya pembeni, najua pembeni ni mahali pa nini, na nikipiga sasa hivi, nusu bega hili la Byron litafika kwa Osman, na Osman atauliza, huyu je...

"Mama, piga moja tu haraka," anasema Elkanah, "halafu Byron atachukua simu, na wewe uingie uketi, tupige ile ya kweli," ...ile ya kweli... mjinga mimi, mzee mjinga, nilidhani nikishika simu nimemwokoa, nimempa nafasi yangu, kumbe hii ni ya kuchezea tu, ya kumfurahisha mama na simu yake, na baada yake inakuja ile ambayo mimi nimeketi kwenye maua ya Emmaculate nikitabasamu na Byron yuko huku nilipo, nyuma ya kioo, anatuambia tucheke, na hiyo ndiyo itakuwa kubwa kama dirisha, na hakuna mtu atakayekuwa amemfukuza, hilo ndilo linaloniua, hakuna mtu atakayekuwa amesema neno lolote baya, si alishika simu tu, si anajua mambo ya simu, na watoto wa Elkanah wataniona ukutani nikicheka wakati anatolewa... na Elkanah si mtu mbaya, Mungu wangu, huyu ndiye alimbeba Byron shingoni usiku wa malaria, akakimbia naye mpaka zahanati bila viatu, kisigino kikachanika, ana alama mpaka leo, lakini shamba lenyewe ni hili, ziwa lilipopanda lilikula upande wote wa chini, migomba yangu yote, sasa kambare wanaogelea nilipokuwa napanda viazi, na Elkanah akisimama hapa naona macho yake yanapima, huku mimi, huku Stanley, huku watoto, halafu hakuna, anaogopa, mwanangu anaogopa na mtu akiogopa anaanza kuhesabu watu, namwelewa, ndiyo shida ya kuzaa wengi, unawaelewa wote, na kama nikimkasirisha leo hatakuja tena, nyumba ya Awendo ina maji ndani na kila kitu, anaweza kukaa huko miaka, na mimi niko hapa peke yangu na mguu huu, nani atanizika, Byron? kwa neno la nani, na je, nikisema kitu wakanigeukia wote pamoja, na je, Byron mwenyewe akisema, Dani, wacha tu, usiniletee maneno, maana hiyo ndiyo anayosema siku hizi, wacha tu...

"Kuku! Toeni hiyo kuku!" anapiga kelele mtoto, na kweli, yule mwekundu wangu asiye na adabu amepita kwenye ua wa nyuma, pale uzio wa miti ya ojuok ulipotoboka, amekuja moja kwa moja, ameruka juu ya sofa, ameketi kwenye kitambaa cha Emmaculate kama chifu, na Stanley, "Mwacheni, huyo naye ni wa boma, mpige Mama, mpige na kuku!" wanacheka, wanajishika tumbo, Elkanah naye anacheka mpaka anafuta macho, "Kuku apewe nafasi!" na Byron kule mwisho anacheka pia, anacheka na wao, halafu namwona, kwenye kioo, nimemsogeza karibu kwa vidole viwili vile alivyonifundisha, kicheko kinamtoka usoni kama maji yanavyozama mchangani, anaangalia kuku, anaangalia viatu vyake... ua wa nyuma... pale pale, ni pale pale Risper alipotaka kupita, alikuwa amerudi nyumbani na mtoto mgongoni, bila mume, bila habari, jua kama hili, akaogopa lango, akazunguka nyuma kwenye ojuok, nguo imenaswa, mtoto analia, na mimi nilimwona kutoka jikoni nikajifanya sikuona, nikasema moyoni ingia tu upesi mwanangu kabla baba yako hajaamka, na Odhiambo akaamka, mume wangu yule, alikuwa mtu wa maneno machache, akatoka na shuka kiunoni, akatazama ua unavyotikisika, nikajua leo ni leo, naye akatembea polepole mpaka kwenye lango, akalifungua pande zote mbili, hata ule upande ambao tuliufungulia ng'ombe tu, akasimama hapo katikati akaita, sauti ile boma zima likasikia, majirani wakasikia, "Risper! Toka huko. Kwa ua wanapita kuku. Wewe na mwanao piteni hapa mbele," na hakusema kitu kingine, siku hiyo wala siku nyingine, alimpokea mtoto akaingia naye amemwinua juu kama mtu aliyevua samaki mkubwa... na Elkanah alikuwepo, alikuwa kijana na ndevu za kwanza, alikimbia kuchukua mfuko wa dada yake, alikuwepo, alisikia, kama mimi nimesikia sasa hivi, sauti ile ile, si kwamba ameisahau, hakuna aliyeiuliza tu, sote tumekaa kimya jikoni tukijifanya hatuoni ua unatikisika, na mimi wa kwanza, nimesimama hapa na simu nikihangaika na kivuli, narudi nyuma, narudi nyuma, mpaka lini, huko nyuma kuna nini, kuna ziwa...

"Mama, piga basi, jua linaondoka!" anasema Emmaculate, wamemfukuza kuku, amekunguta kitambaa, amekitandika tena vizuri, maua juu, wote wamesimama tena wamenyooka, wamevuta tumbo ndani, sofa tupu katikati, na Byron nusu bega, wacha ikae tupu, hapana, isikae tupu, Osman alisema mwenyewe, katikati hakukatiki, mtu akiwa katikati ukimtoa umeharibu wote, umetoboa tumbo la picha... na mimi siingii, waniite mpaka kesho, sitoki nyuma ya simu hii, anayetaka picha ya mama atangoja, ukutani nipo au sipo wao wananijua, mimi ndiye niliyewazaa, na kivuli changu kiko pale kwenye nyasi, kinatosha, acha kiingie, Elkanah atakasirika, atasema Mama hiyo ni kiti yako, na mimi nitamwambia ndiyo, ni yangu, ndiyo maana naitoa, atanyamaza, au hatanyamaza, tutaona, mdomo uko tayari, nainua kichwa kutoka kwenye kioo niwaone bila simu, wakubwa tena, watu wangu, upepo unawapeperusha nguo, kidole bado kiko kando ya kiduara, "Mama, piga!"

"Bado," nasema. "Byron, nyathina, mwanangu, toka huko pembeni. Pita hapa mbele, watu wote wakuone, kuja uketi kwa kiti yangu."