Zamu ya Kutangulia

Tuliondoka kwa baiskeli saa kumi na mbili asubuhi, mimi na shemeji yangu, mjane wa kaka. Tulikuwa na kilomita mia moja na kumi za barabara kuu ya pwani, bahari ikiwa kushoto kwetu na mawingu yameinama kama blanketi lililoloa. Kaka alikufa kwenye barabara hiyo mwaka uliotangulia, kilomita ya sabini na mbili, karibu na daraja dogo. Shemeji alitaka kuimaliza safari ambayo mumewe hakuimaliza. Mimi nilikubali kumsindikiza kwa sababu kulikuwa na neno nililomficha mwaka mzima, na nilikuwa nimejiapia kwamba siku hiyo halitalala tena moyoni.

Kaka alikuwa fundi wa kuchomea vyuma. Fremu ya baiskeli ya shemeji aliiunda mwenyewe, kwa kipimo cha miguu ya mkewe. Kiti tu ndicho kilikuwa cha dukani.

"Aliyetengeneza kiti hiki hakujaliwa makalio," shemeji alisema tulipopita kilomita ya ishirini.

"Tupumzike?"

"Nikishuka sikipandi tena. Wewe kanyaga."

Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka.

Upepo ulikuwa wa mbele, nami nilitangulia kumkinga. Miguu ilizunguka yenyewe. Nilipoipita nguzo ya kilomita ya arobaini, nilisogea pembeni na kulegeza mwendo bila kugeuka wala kusema neno. Shemeji alikuwa nyuma yangu kabisa. Gurudumu lake liligonga langu, akaanguka na kuburuzika kwenye kokoto.

"Una kichaa? Unasimamaje bila kusema?"

"Samahani, shemeji. Nilikuwa nampisha."

"Unampisha nani?"

Aliitazama barabara. Hapakuwa na mtu.

Nilimkalisha ukingoni, nikamwosha goti kwa maji ya kunywa, na huku nikimwosha nikamweleza. Mimi na kaka tulipokezana upepo. Anayetangulia anaukata, anayefuata anajificha nyuma ya mgongo wake. Nguzo kumi zikipita, wa mbele anasogea na wa nyuma anachukua nafasi. Miaka kumi na mmoja hatukuhitaji kuulizana ni zamu ya nani.

Shemeji ni mtunza stoo ya hospitali. Hesabu haimpiti.

"Siku ile nani alianza?"

Ningeweza kusema ni mimi. Neno moja tu, na hesabu yake ingekwenda kwingine.

"Yeye."

Alihesabu kwa vidole vyenye vumbi na damu. Kumi za kwanza kaka, kumi za pili mimi. Alipofika sabini alisimama.

"Sabini mpaka themanini ni wewe."

"Ni mimi. Alisogea anipishe, nikakataa kupita. Miguu ilikuwa imekwisha. Nikamwomba anivushie kumi nyingine. Baada ya kilomita mbili lori likaja upande wetu, likilipita lingine. Mimi niliyekuwa nyuma nilipata nafasi ya kujitupa mchangani."

Aliliondoa goti lake mikononi mwangu.

"Mwaka mzima umekula mezani kwangu. Umewabeba wanangu mabegani."

"Ndiyo."

"Watu waliposema siku zake zilifika, ukaitikia."

"Niliitikia."

"Kuchoka si kosa," alisema. "Ungemwomba mia angekupa, namjua. Lakini mimi kila usiku najiuliza mume wangu alisema nini mwisho. Kumbe maneno yake unayo, umekaa nayo tu. Ulipomwomba, alijibuje?"

"Alicheka."

"Alisemaje?"

"'Haya, mtegeaji, jifiche tu. Nimeshapata moto.'"

"Rudia."

Nilirudia. Mara ya tatu alijifunika uso kwa kanga ya shingoni. Kisha akainuka, akanyoosha usukani wake uliopinda, akanikataza kumsaidia.

"Usinikaribie," alisema. "Nisikuone."

Kilomita sabini zilizobaki niliendesha nikimwona kama nukta mbele yangu, halafu sikumwona. Nilipofika kwenye daraja dogo alikuwa ameshapita. Mchangani palikuwa na nyayo zake. Nilisimama hapo mpaka jasho likanikaukia mwilini.

Nyumba ya wageni ilikuwa na vyumba vilivyotenganishwa kwa mbao nyembamba. Jioni, bado mwanga upo, nilimsikia chumba cha pili akizungumza na watoto kwenye simu. Aliwaambia amefika, goti limechubuka kidogo, wasijali.

"Na leo nimejua baba alisema nini mwisho," aliwaambia. "Alikuwa anacheka. Ndiyo, anacheka kweli."

Sikusikia mtoto aliuliza nini. Nikaacha kufungua kamba za viatu.

"Nani ameniambia? Hilo," alisema, "nitawaeleza nikirudi."