Mheshimiwa wa Kitanda cha Kwanza

Kila asubuhi, kabla ya kumgusa mgonjwa yeyote, Daktari Kaberia, mkuu wa wodi, aliliinua bomba la mashine ya kupumulia na kulitazama kwenye mwanga wa dirisha. Hospitali yenyewe iko mjini Isiolo, na jina lake tuliache mlangoni. Mashine ililetwa na wafadhili pamoja na sanamu la plastiki la ukubwa wa mtu mzima, ili madaktari wajifunze ubingwa wa mapafu na wa kuhudumia mahututi. Sanamu lililazwa kitanda cha kwanza na kuunganishwa na mashine. Madaktari wanafunzi walilipachika jina la Mheshimiwa, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wodini aliyetunzwa hivyo.

Kitanda cha pili alilala Mama Kuno wa Sericho. Mapafu yake yalikuwa yameliwa na moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa, kazi aliyoifanya tangu usichana. Alipumua kwa mkono wa mwanawe Guyo, aliyeketi kando akikamua mfuko wa hewa uliounganishwa na koo la mamake, na alipochoka dadake alimpokea. Mkono una usingizi wake. Daktari Qabale, mmoja wa wanafunzi, alijua kwamba bila mashine mama huyo hangefika mbali. Alishaomba, akajibiwa kwamba mashine ni ya mafunzo.

Siku moja bomba likakutwa na matone ya maji ndani.

"Hii maji imetoka wapi?" Kaberia akauliza.

"Sijui, daktari."

"Plastiki haitoi jasho, Qabale. Umeweka mgonjwa kwa hii mashine?"

"Sijaweka."

"Basi ni jini?"

Hakungoja jibu. Jioni hiyo alibandika plasta kwenye kiungo cha bomba na kutia sahihi juu yake, kama mke mwenza anavyotia alama mkebe wa sukari. Kesho yake plasta ilikuwa vilevile na maji yameongezeka. Kaberia akaanza kuingia wodini kwa kunyata. Qabale alimshuku Nesi Kiende wa zamu ya usiku, kwa sababu ndiye aliyekaa na ufunguo wa wodi. Kiende alimshuku Guyo, kwa sababu ya kimya chake. "Kikulacho ki nguoni mwako," Kaberia alinong'ona kila alipompita Qabale. Qabale aliogopa, maana akifukuzwa, nani mwingine angemwombea Mama Kuno?

Akaamua kuchunguza mwenyewe. Aliinama kwenye mdomo wa Mheshimiwa, akasikia harufu anayoijua tangu utotoni: maziwa ya ngamia yaliyokaa kwenye kibuyu kilichofukizwa.

"Guyo, umempa huyu maziwa?"

"Kidogo. Sisi tunakunywa, jirani analala njaa? Hapana."

"Huyu ni plastiki."

"Mimi nilijua ni mgonjwa. Nasalimia yeye kila asubuhi. Siku mingi amenyamaza, nikasema labda ni maumivu. Halafu juzijuzi akajibu."

"Akajibu nini?"

"Aleikum salaam. Sauti iko chini, lakini amejibu."

"Na hukuniambia!"

"Mtu akirudisha salamu, daktari, utaenda kushtaki yeye wapi?"

Qabale akaelewa. Salamu hairudishwi bila pumzi, na kuirudisha ni lazima, kwa hivyo Mheshimiwa alitafuta pumzi mpaka akaipata; matone yale yalikuwa ya pumzi hiyo. Alimsikiliza kifua. Mapafu yalikuwa safi kuliko ya mtu yeyote Isiolo, kwani hayakuwahi kuvuta vumbi. Qabale alijawa na furaha, wala si kwa ajili ya Mheshimiwa: anayejipumulia hahitaji mashine.

Kaberia aliitwa. Alisikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, kisha akachomoa bomba kwa mkono wake. Mheshimiwa akaendelea kupumua taratibu.

"Amepona," Qabale alisema. "Tumpee Mama Kuno mashine."

"Kesho wafadhili wanakuja kuona mafunzo. Mama Kuno hayuko kwa mpango wao."

"Na huyu ameshapona. Utawaonyesha nini?"

Kaberia akafikiri kidogo. "Tutafundishia mto wake."

Mheshimiwa akateremka kitandani, akajifunga shuka kiunoni, akaketi kando ya Guyo na kuomba zamu. Mikono yake haikuchoka. Lakini mkono ni mkono, haujui kupima hewa kifua kinapobadilika.

Wafadhili walipofika, mashine ilikuwa ikiupumulia mto bila kukosea. Qabale alitakiwa aonyeshe alichojifunza. Aliipanga mashine kwa kipimo cha kifua cha Mama Kuno, akieleza kila hatua. Mgeni mmoja akauliza yule wa plastiki anayekamua mfuko ni nani.

"Ni jamaa ya mgonjwa," Kaberia alijibu. Wageni wakapiga makofi.

Mama Kuno alikata roho kabla makofi hayajaisha. Mheshimiwa aliendelea kukamua mpaka Guyo alipomshika kiganja.

"Basi, ndugu yangu. Imetosha."

"Innalillahi," Mheshimiwa akasema, kwa ile sauti yake ya chini.

Siku hiyohiyo Guyo na jamaa zake waliondoka na maiti kwenda Sericho, naye Mheshimiwa alipanda nyuma ya gari pamoja na wanaume wengine. Ni safari ndefu, na vumbi la njiani alilivuta kama wenzake.

Asubuhi iliyofuata Kaberia aliliinua bomba kwenye mwanga wa dirisha. Lilikuwa kavu, halina hata tone. Akamgeukia Qabale, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze akamtazama bila kumshuku.

"Sasa," akasema, "umeanza kuwa bingwa."